Ng'ombe Kumi na Wanane wa Mzee Aksel

Mmeniuliza, ninyi wa kibarazani kwangu, safari imegharimu nini kabla hata ya kuniuliza kama nimerudi mzima. Hiyo ndiyo Kariakoo yetu. Basi nawajibu kwa utaratibu huo huo: imegharimu jino moja la nyuma, pea moja ya viatu, faida ya duka ya miezi minne, na sifa yangu ya kuwa mtu ambaye hakuna anayemweza kwa kupatana bei. Nimehesabu mara mbili, hakuna kilichosahaulika. Na uzima ninao, asanteni.

Habari za pasipoti, vibali na fedha za kigeni nitaziruka. Niliyoyaona kwenye foleni zile yanatosha kitabu kizima, lakini nani angekisoma? Kila mmoja wenu anacho cha kwake.

Kwa wasiojua kilichonipeleka: mdogo wangu Ndeshi alipelekwa Denmark kusomea ukunga. Mwaka wa tatu akaandika kwamba amepata mchumba, jina lake Niels, fundi seremala, mtoto wa mfugaji. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho ni la kaka yake, Baba Mkubwa Ndekirwa, kule Machame. Akaniita, akanipa bakuli la mtori, akasubiri nimalize.

"Nenda ukawaone," akasema. "Kama ni watu, pokea mahari. Kama si watu, rudi na mtoto."

"Mahari kiasi gani, Baba Mkubwa?"

"Ng'ombe wanne. Na blanketi la bibi yako. Pungufu ya hapo baraka zangu asizitegemee."

"Sasa nianzie ngapi?"

"Kati yangu na wewe, mwenye duka ni nani?"

Ndeshi naye aliandika lake, kwa herufi kubwa chini ya barua: "Kaka, usinitoe bure kama paka. Na ndoa yangu usiivunje." Ndivyo mtu anavyomwandikia kaka yake. Nilikunja barua nikaona kwamba kati ya sentensi hizo mbili nafasi ya kupita ni nyembamba.

Narung'ombe hadi Roma

Asubuhi ya kuondoka Bakari alinibebea sanduku kwenye mkokoteni wake kutoka dukani kwangu, Mtaa wa Narung'ombe, mpaka kituo cha basi. Bakari ni mtu wa Lindi, na mimi mtu wa Kilimanjaro, ndiyo maana ananiita Mangi. Tumezoeana kiasi kwamba akiniheshimu naanza kuwa na wasiwasi naye.

"Mangi," akasema, "ukifika huko usiwauzie Wazungu sufuria zenye tundu."

"Yenye tundu nilikuuzia wewe peke yako, Bakari. Ni mapenzi tu."

"Na hilo koti? Utafika uwanjani umeshaiva."

Koti lilikuwa la kuazima, zito, la jirani yangu mmoja wa Upanga aliyewahi kusoma Uingereza. Alinihakikishia kwamba Ulaya ni baridi. Hakuniambia kwamba kutoka Kariakoo hadi Ulaya pana uwanja wa ndege, ambako ndege yetu iliharibika na tukakaa toka asubuhi hadi jua linazama. Walitugawia wali na kuku. Nilipouliza kama chakula kile kiko ndani ya tiketi nikaambiwa ndiyo, nikapanga foleni tena. Foleni ni fani niliyoisomea.

Tiketi alininunulia Ndeshi kwa kazi za ziada hospitalini, na iliishia Roma kwa kuwa ndipo ilipokuwa rahisi. Kutoka hapo ilikuwa treni. Nilikuwa na siku moja ya kuiona Roma, na niliitumia kwa miguu.

Jambo la kwanza lililonisimamisha ni kahawa. Ukiinywa umesimama ina bei yake, ukikaa bei inapanda. Nilidhani nimeonekana mgeni, nikatoka, nikarudi kuuliza upya kama mtu mwingine. Wakanionyesha ubao. Kumbe kiti nacho kinauzwa! Nikainywa nimesimama, halafu nikaendelea kusimama pale muda mrefu baada ya kikombe kuisha, ili nifidie.

La pili lilikuwa chemchemi moja kubwa yenye masanamu ya mawe. Watu wazima waliovaa vizuri wanaigeuzia mgongo na kutupa sarafu majini. Nikamwuliza polisi, kwa Kiingereza changu cha dukani, kulikoni. Akasema anayetupa sarafu atarudi Roma. Nikawatazama kwa huruma. Wanalipia tiketi ya kurudi na hakuna anayewapa risiti.

La tatu ndilo lililoniponza. Kwenye soko moja la nje nilitaka mkanda wa ngozi. Mwenye meza akataja bei. Nikacheka. Akaweka mkono kifuani, akaelekeza macho mbinguni, nadhani aliapa kwa mama yake. Nikataja robo. Akashika kichwa. Nikaondoka kwa ule mwendo wetu mnaoujua, si wa haraka wala wa polepole, wa mtu aliyekata tamaa lakini masikio yako nyuma. Sijafika meza ya tatu, mkono uko kwenye kiwiko changu. Nikauchukua mkanda kwa nusu, tukakumbatiana.

Nikasema moyoni: Ulaya ni Kariakoo yenye majengo marefu. Niliamini hivyo kabisa, na niliamini kwa siku tano.

Ndani ya treni

Chumba chetu kilikuwa na bwana mmoja mnene, kijana mwenye gazeti, mama mtu mzima na mbwa wake. Mkata tiketi alipopita, mama yule akatoa tiketi mbili. Ya pili ilikuwa ya mbwa.

Saa sita nikafungua maandazi yangu nikasema karibuni, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, halafu kwa mkono. Wote wakatazama dirishani. Haikupita nusu saa, bwana mnene akatoa mkate na nyama, akala peke yake mbele yangu hadi makombo. Kisha kijana. Kisha mama, na mbwa akapata kipande. Hakuna aliyesema karibu. Nyumbani mtu akila mbele yako kimya hivyo ana ugomvi na wewe. Nikaanza kufikiria nimewakosea nini. Nikapitia yote niliyoyafanya tangu nimeingia, nikayapitia tena, sikuona kosa ila koti.

Tulifika Munich, treni ikasimama. Nikakaa nikasubiri iondoke. Ghafla mama wa mbwa akarudi kutoka nje anahema, akanishika mkono wa koti, akaanza kunivuta huku anaongea Kijerumani kwa ukali. Nikajua sasa ule ugomvi unakuja. Kumbe treni ilikuwa inakatwa: mabehewa ya mbele yanaenda Hamburg, la kwetu limefika mwisho. Tukakimbia jukwaani, yeye na begi langu dogo, mimi na sanduku, mbwa mbele yetu sote. Akanisukumia behewani, akanitupia begi, mlango ukafungwa.

Chakula hakunikaribisha, lakini alinikimbilia. Bado najiuliza kama nyumbani ningekimbia hivyo kwa mtu ambaye sikumkaribisha maandazi.

Hamburg, na treni iliyomezwa

Hamburg nilifika Jumapili alfajiri, mvua inanyesha. Hapo ndipo viatu vyangu vilipofungua midomo. Watu walikuwa wengi wanaelekea bandarini, na mimi nikiona watu wengi wanaelekea mahali nafuata. Ni tabia ya mjini. Kumbe ni mnada wa samaki.

Ndugu zangu, nilitulia moyo. Makelele yale! Jitu moja limesimama juu ya gari, limeshika samaki mkunga kwa kila mkono, linawatukana wateja na wateja wanacheka. Bei haishuki, hilo niliona, lakini mzigo unaongezeka: anatia samaki mmoja kwenye mfuko, watu kimya, anatia wa pili, kimya, anatia wa tano, anatia na ndizi, ndipo mtu ananyoosha mkono. Nikahitimisha kwamba hapa wanapatana bei kwa kwenda upande mwingine, lakini ni kupatana kule kule. Nikazidi kupotea.

Jino liliondoka hapo hapo, kwenye mkate mweusi mgumu ambao mwenyeji mmoja aliniambia ni mzuri kwa meno.

Baadaye treni ya kwenda Kopenhagen ikafika ufukweni na haikusimama. Nikashika kiti. Ikaingia ndani ya meli. Treni nzima, na sisi ndani! Meli ikafunga mdomo ikaondoka. Nilitazama wenzangu nione nani anapiga kelele. Walikuwa wanapanga mstari kwenda juu kununua soseji.

Kopenhagen

Ndeshi alikuwa amechelewa, kwa hiyo nikasubiri nje ya mgahawa alionitajia. Mbele ya mgahawa palikuwa na vigari vinne vya watoto wachanga, na ndani ya kila kigari mtoto, na nje hakuna mtu mwingine isipokuwa mimi. Nikatazama huku na huko. Watoto wanne, wametelekezwa barabarani, mchana kweupe!

Sikuweza kuondoka. Nikasimama katikati yao kama askari. Mmoja akalia, nikamtikisa na kumwimbia. Watu wanapita, wananitazama mimi, hawamtazami mtoto. Mwishowe akatoka mwanamke mgahawani, kikombe mkononi, akaniambia neno, nami nikamjibu kwa ishara kwamba watoto ni salama.

"Kaka! Kaka, unafanya nini?" Ndeshi huyo, anakuja mbio kwa baiskeli.

"Nalinda. Mama zao wamewatupa."

"Wako ndani wanakunywa kahawa. Huku watoto hulazwa nje wapate hewa."

"Na mwizi?"

"Mwizi wa nini?"

"Wa watoto!"

"Nani aibe mtoto, kaka? Ampeleke wapi?"

Mwanamke akamwuliza kitu, Ndeshi akacheka hadi akaegemea baiskeli. Alikuwa ameuliza kama mgahawa umeajiri mlinzi, na kama nitakuwepo kesho.

Nyuma ya Ndeshi alikuja kijana mrefu, mwekundu shingoni, akavua kofia. "Shikamoo, shemeji," akasema, kwa shida lakini kwa usahihi, akasimama akisubiri jibu kama mtu anayesubiri chenji.

"Marahaba," nikasema. Nikaandika moyoni: huyu anaelekea kuwa mtu.

Kwa Mzee Aksel

Kwao Niels ni kisiwa cha Fyn, nchi ya mashamba. Tulishuka kwenye basi, wao wakatangulia na mizigo, nami nikabaki nikitazama meza moja kando ya barabara. Mezani pamepangwa viazi kwenye mifuko, pana kibao chenye bei na kopo la fedha. Mwenyewe hayupo. Nikaona nichukue mfuko, nisiende ukweni mikono mitupu. Bei ilikuwa juu kidogo, basi nikamngoja mwenye mali tuzungumze. Nikangoja. Nikapiga hodi hewani. Fedha zimo ndani ya kopo, nazisikia zikigonga, na hakuna mlinzi, hakuna mbwa, hata yule mwenye tiketi.

Ndeshi akarudi kunitafuta. "Hakuna mwenyewe, kaka. Unatia fedha, unachukua."

"Na nikitaka apunguze?"

"Umwambie nani? Kopo?"

Nilicheka, nikalipa bei kamili, nikaendelea na safari. Hapo ndipo nilipopaswa kujifunza. Meza ile ilikuwa ya Mzee Aksel mwenyewe.

Nyumbani walitupokea vizuri. Mzee Aksel ni mfupi, mpana, anaongea kidogo. Mkewe, Mama Inger, alitupa samaki wabichi wa siki na sukari, kisha nguruwe na viazi, na bakuli la sukari liliachwa mezani limejaa, bila kifuniko. Nililitazama kwa kitambo; kwetu sukari ni ya foleni. Waliomba kabla ya kula, hilo tunafanana. Baada ya kula kila mtu akasimama akamshukuru Mama Inger kwa chakula, mmoja mmoja, hata mumewe. Hilo nililichukua; mke wangu hadi leo haamini nimelitoa Ulaya.

Kisha nikaomba kuonana na mzee peke yetu. Ndeshi nikamwondoa, kwa sababu msichana hakai kusikiliza anavyozungumziwa mahari. Niels naye nikamwondoa. Ikabaki Kiingereza changu cha kuuzia sufuria na Kiingereza chake cha kuuzia siagi. Akanipeleka zizini.

Ng'ombe ishirini na wawili, wekundu, wamenenepa, chini pasafi kuliko sebule yangu. Nikawahesabu, nikawahesabu tena. Nikamweleza desturi yetu, kwamba mtoto hatoki nyumbani kimya kimya. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, Ndeshi alishamdokeza. Akauliza: ngapi?

Sasa fuateni hesabu yangu. Mtu wa Roma alishuka nusu. Huyu ni mtu wa mashamba, atakuwa mgumu zaidi. Nikitaja kumi na wanane, atashika kichwa, atasema wawili. Nitacheka, atacheka, atamwita mkewe anisikie. Tutakunywa kahawa. Jioni tutakutana kwenye ng'ombe saba, nami nitarudi Machame shujaa.

"Kumi na wanane," nikasema.

Hakushika kichwa. Aligeuka akawatazama ng'ombe wake, mmoja baada ya mwingine, polepole. Nilikuja kujua baadaye kwamba kila mmoja ana jina. Akapitisha kiganja mgongoni mwa yule wa karibu. Kisha akanigeukia, akanyoosha mkono.

"Kumi na wanane," akasema.

Nikaupokea. Ningefanya nini? Akatoka nje, akaniacha na mali yangu.

Ninyi ni watu wa biashara, mnajua. Mteja akilipa bei ya kwanza, hulali. Unajua ama umemwibia, ama bidhaa ina thamani usiyoijua.

Asubuhi nilisikia lori uani. Mama Inger alikuwa jikoni anamenya viazi, na machozi yanadondokea viazini, naye haachi kumenya. Ndeshi akanivuta koridoni.

"Kaka, umemwomba nini baba mkwe?"

"Nilianza tu."

"Umeanza?"

"Nilianza kumi na wanane. Yeye ndiye hakuendelea!"

"Huku hakuna kuanza! Ukisema ndiyo umesema! Amemwita mnunuzi, anataka kuwauza akupe fedha zake. Wakibaki wanne kiwanda cha maziwa hakichukui tena maziwa yake. Miaka yote ya mzee huyu, kaka!" Akafuta uso kwa kiganja. "Na Niels amesema baba yake akiuza hata mmoja, harusi hakuna. Hataki kuambiwa maisha yake yote kwamba alimnunua mke kwa zizi la baba yake."

"Basi tufanye bila mahari, mama. Nitazungumza na Baba Mkubwa."

"Bila mahari siolewi. Niingie ukoo wa watu kama nimeokotwa?"

Nikaona nimefika pale pembamba pa barua yake, na pamefungwa pande zote mbili.

Nikamfuata mzee uani, Ndeshi akiwa mkalimani, desturi au hakuna desturi. Nikasema: Mzee, tumewaza upya, wanne wanatosha. Akasema maneno machache.

"Anasema mkono ni mkono," Ndeshi akatafsiri. "Na anauliza..." akasita. "Anauliza imekuwaje jana dada yako alistahili kumi na wanane na leo anastahili wanne."

"Mwambie..."

"Na mimi nauliza hilo hilo, kaka."

Maisha yangu yote nimepigana kuteremsha bei za watu. Sikuwahi kudhani nitasimama uani kwa mtu nikimbembeleza anilipe kidogo, naye anakataa kwa hasira. Mwenye lori akazima injini, akawasha kiko.

Nikamwomba mzee jambo moja tu: anifuate mpaka barabarani. Tukaenda, Ndeshi katikati, mpaka kwenye meza ya viazi. Nikamwambia asimame nyuma ya meza, mimi mteja. Taja bei. Akaonyesha kibao. Nikageuza kibao kikatazama chini.

"Taja bei kubwa," nikasema.

"Si bei yake."

"Najua si bei yake. Na wewe unajua. Itaje."

Akawa mwekundu. Akasema yeye hasemi uongo, hasa barabarani.

"Si uongo, mzee," nikamwambia. "Uongo ni pale mmoja anajua na mwingine hajui. Sokoni kwetu nikilipa bei ya kwanza nimemfukuza mwenye duka. Nimemwambia sina haja na wewe, nina haja na sufuria tu. Lakini akisema mia, nami nikasema ishirini, inabidi tuulizane habari. Ananiambia ana watoto wangapi. Namwambia nyumba yangu inavuja. Tunapofika hamsini tumeshajuana. Jana sikukuomba ng'ombe. Nilikuomba tuzungumze. Nimekuja mbali, dada yangu anaingia kwako, na sikujui."

Ndeshi alitafsiri hayo polepole. Mzee Aksel akatazama viazi. Kisha akauliza kitu.

"Anasema: kwa hiyo jana ulitaka mazungumzo, na yeye akakupa zizi?"

"Ndiyo, mzee."

Kwanza yalitikisika mabega. Halafu akacheka, akacheka hadi akashika meza, viazi vikabingirika. Akafuta macho. Akautazama mkono wake wa kulia, ule alionipa, akautia mfukoni kabisa.

"Ng'ombe mmoja," akasema.

"Mmoja! Mzee, msichana huyu amesoma!"

"Na ng'ombe mwenyewe ni mzee. Na anachechemea."

"Kumi!"

"Nilisema mmoja? Nilikosea. Nusu."

Nawaambia, mtu yule ana kipaji kilicholala miaka sitini. Aliuliza kama Ndeshi anajua kukamua. Aliuliza kama ukoo wetu unakoroma. Nikamwambia habari za baba yetu, akaniambia habari za mwanawe wa kwanza aliyefariki mdogo, ambaye Niels hamtaji. Tulikaa ukingoni mwa barabara hadi kahawa ikaletwa. Mama Inger aliyeileta aliona mumewe anagonga goti na kupaza sauti, akasimama na sinia akishangaa. Niels akaja na shingo yake nyekundu, akasikiliza, akaelewa kwamba hakuna anayenunuliwa hapo, akakaa nasi akawa upande wangu dhidi ya baba yake.

Nilisimama kwenye wanne. Mzee akasimama kwenye watatu. Nikamwambia Baba Mkubwa amesema wanne. Akajibu basi aje Baba Mkubwa mwenyewe. Kisha akainuka akaondoka kuelekea zizini, si kwa haraka wala polepole, mgongo umekata tamaa, masikio yako nyuma. Nani alimfundisha? Sikuwa nimemfundisha hilo!

Nikamwita. Mimi, mtu wa Narung'ombe, nikamwita arudi. Watatu, na blanketi la sufu lililofumwa na Mama Inger kwa ajili ya bibi. Lori likaondoka tupu.

Machame

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, sina la kuongeza ila kwamba kahawa ya Roma bado inauzwa na kiti. Nilifika Machame na viatu vya Niels, vikubwa, nikamsalimu Baba Mkubwa, nikamkabidhi blanketi.

"Ng'ombe?"

"Watatu, Baba Mkubwa."

"Nilisema wanne. Wako wapi hao watatu?"

"Kule kule. Hawaingii kwenye ndege."

Akafikiri sana. "Wanakula nini?"

"Majani."

"Nani anawakamua?"

"Mkwe wako, Mzee Aksel. Tumemwekea awatunze, kama tunavyowekeana sisi."

"Yeye amekubali kuwekewa?"

"Amekubali."

"Bila kuandikiana?"

"Bila."

Nikampa picha ya wale watatu. Akaigeuza kwenye mwanga, akaisogeza mbali, akatazama viwele vile kwa muda mrefu. "Huyu mmoja ni sawa na wawili wetu," akasema. "Kwa hiyo ni sita. Umezidisha, mwanangu. Wasije wakatuona wenye tamaa." Akavaa kofia akaenda kumwambia bibi kwamba Ndeshi anaolewa na watu. Harusi itakuwa Machame baada ya mvua za masika, na Mzee Aksel na Mama Inger wanakuja.

Sasa kilichonifanya niandike yote haya. Juzi Ndeshi ameniletea kwa barua salamu za baba mkwe wake: mmoja wa ng'ombe wetu amezaa. Kwa desturi yetu mnaijua, aliyewekewa ng'ombe anakula maziwa na samadi, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ndeshi amemweleza vizuri sana. Mzee amejibu kwamba majani ni yake, maji ni yake, na aliyeamka kumzalisha ni yeye. Kwa hiyo anadai ndama wawili.

Ng'ombe amezaa ndama mmoja.

Ninyi mnaokaa kwenye kibaraza changu kila jioni na kujidai mnajua bei za dunia, nishaurini kabla sijamjibu, maana mwanafunzi huyu ameshanipita. Mimi nilifikiri nianzie watatu. Bakari anasema hiyo ni chini mno.